Kifuniko Kisicholia

...tena bila kusema neno, maana kanuni imesema wazi, mpimaji ataonyesha mara moja tu, kimya, kwa mwendo wa kawaida, asitabasamu wala asitikise kichwa, na Mpimaji ameonyesha, amebonyeza kwa kiganja, amezungusha, kifuniko kimetoka, amekirudisha mahali pake, na sasa chupa ziko tena mikononi mwa wasichana wawili wadogo na saa imeanza kuhesabu dakika tano za pili, zile tano za kwanza zimepita wakihangaika wenyewe bila kufungua, safari hii wameiona siri kwa macho yao, na imebaki sentensi ile moja ambayo kila akiisema huona haya, "Mkitaka mnaweza kutumia meno," haya, ameisema, na mwalimu wa chekechea aliyesimama mlangoni ametoa macho, "Meno tena, dada yangu? Sisi hapa mwaka mzima tunawakataza," na Mpimaji anatamani kumjibu kwamba mtoto akiachwa na chupa ya dawa hakumbuki alichokatazwa, anatumia alicho nacho, lakini kanuni inakataza maongezi vilevile, kwa hiyo amenyamaza juu ya kiti cha plastiki cha watoto, magoti yamekaribia kidevu, mtu mzima wa miaka arobaini na nane amekunjika kama mwavuli, saa mkono wa kushoto, ubao wenye fomu mapajani, kalamu ya wino mkono wa kulia, wino na si penseli, kwa sababu fomu hizi hazifutwi, ukikosea unapiga mstari juu ya kosa, mmoja tu, kosa liendelee kusomeka, halafu unatia sahihi pembeni, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyowafundisha wapya, hakuna kuchanachana karatasi, hakuna kupaka rangi nyeupe, kosa lako likae hapo na jina lako kando yake... na dakika tano hizi anaomba ziwe ndefu, ziwe ndefu kuliko dakika zote alizowahi kupima, maana zikiisha atatoka nje, atawasha simu, na kwenye simu kuna ujumbe wa mdogo wake alioupata asubuhi getini kabla hajaizima, na ujumbe ule unataka jibu. Dada, mama anaondoka Jumamosi asubuhi, mama mkubwa amekubali kumpokea, tiketi nimeshakata, naomba uniunge mkono kama siku ile hospitali. Leo ni Alhamisi. Safari ya saa nane ndani ya basi, mama mwenye magoti yale, kwenda kwa dada yake ambaye naye haoni vizuri na anaongea na redio akidhani ni mgeni, wawili hao watatunzana vipi, nani atamtunza nani, lakini mdogo wake ameshakata tiketi, na kama siku ile hospitali, kama siku ile... sekunde ishirini na nane, mtoto wa utepe wa kijani anaikodolea macho chupa, mwenzake, yule aliyekuja na soksi moja, ameshaitia mdomoni. Watoto arobaini na wanane wamepita tangu Jumatatu, saba wamefungua, na saba ndiyo mwisho wake, hawa wawili ndio wa kufunga hesabu, mmoja akifungua kifuniko kimefeli, na kikifeli kanuni mpya ya vifungashio vya dawa haina mfano wa kupeleka kwenye kamati, miaka mitatu ya vikao, barua, mapendekezo juu ya mapendekezo, yote ili ije siku duka la dawa likatazwe kumwagia mtu vidonge ndani ya kichupa ambacho mtoto anakifungua kama peremende, na yeye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye vikao hivyo na kusema kwa sauti ya kukatika, tusingoje mtoto mwingine, yeye, kwa mdomo huu huu.

Unaupeleka ulimi wapi baada ya hapo, ndiyo anayojiuliza, mguu wake wa kulia unachezacheza wenyewe chini ya kiti na anaukanyaga kwa wa kushoto utulie, maana watoto huona, watoto wanasoma mwili wa mtu mzima kuliko wanavyosoma ubao, ukipumua kwa nguvu wanajua wamekaribia, ndiyo maana maabara wanamsifu Mpimaji kwa uso wake, uso wa ukuta wanauita, mkuu wa maabara huwaambia wageni, mama huyu hata mtoto akifungua chupa kwa pua hutamwona kapepesa jicho, na watu wanacheka, na uso huo huo ndio aliouvaa kwenye korido ya hospitali wiki tano zilizopita... Chiriku alikuwa ndani, upande wa pili wa mlango wa kioo, mtoto wa mdogo wake, miaka mitatu na nusu, jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu anaongea mpaka usingizini, na siku ile alikuwa haongei. Alikutwa nyuma ya kitanda cha bibi, mchana, bibi yuko uani anaanua nguo, chupa katikati ya miguu yake, vidonge vya presha amevipanga sakafuni mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi, kumi na vinane vilikuwa kwenye mstari, na vingine, mama yake alimuuliza, vingine viko wapi, Chiriku, naye akasema, "Vimeshaingia darasani," akaonyesha mdomo. Wifi yake alisimulia hilo mara ngapi usiku ule, alikuwa akilisimulia na kuanza upya, vimeshaingia darasani, vimeshaingia darasani, mpaka nesi akamkalisha chini... na mdogo wake akaja kutoka mwisho wa korido, shati limetoka kwenye suruali, akatoa kifuniko mfukoni, alikiokota uvunguni mwa kitanda, akakiweka kiganjani, "Dada, hii ndiyo kazi yako. Mtoto wa umri ule anaweza kufungua kitu hiki?" na Mpimaji akakichukua, akapitisha kidole gumba pembeni, pale kipande cha nje kinapokutana na cha ndani, akagusa kile kijimstari kigumu ambacho hakuna mtu mwingine duniani angejua ni nini, na uso, uso wa ukuta, haukutingishika. "Hawezi," akasema. Neno moja, na ukilipeleka maabara lina haki yake, kifuniko cha aina ile, kikiwa kizima, mtoto wa miaka mitatu na nusu hawezi, kasoro wachache, hesabu zipo, fomu zipo, wino upo, lakini mdogo wake hakuuliza habari za aina, aliuliza kitu hiki. "Kwa hiyo mama aliacha wazi," akasema mdogo wake, hata hakuwa na hasira wakati ule, alikuwa kama mtu aliyepata mahali pa kutua mzigo, na wote wawili wakamgeukia mama aliyekaa kwenye benchi, mtandio umemteleza begani, mikono mapajani, na mama hakumtazama mwanawe wa kiume, alimtazama yeye, Mpimaji, akamtazama kitambo, kisha akasema, "Huenda nilisahau, wanangu. Siku hizi nasahau." Naye akakitia kifuniko mkobani, nitakichunguza, akasema, na mdogo wake akamshika bega. "Asante, Dada." Alimshukuru! Dakika moja na sekunde tisa, na kifuniko kile kimehama mkobani, kiko mfukoni mwa koti lake la kazi, hapa hapa, kila siku anaahidi kukitupa na kila siku kinarudi naye nyumbani, mara mbili ameufikisha mkono juu ya pipa la taka na mkono umerudi nacho.

"Huyu wa utepe ndiye mtundu wangu," mwalimu ananong'ona mlangoni, na kunong'ona kwake ni kama kwa mtu anayenadi sokoni, "siku moja alifungua kabati la vitabu kwa pini, we msubiri tu," na Mpimaji ananyanyua kidole, mwalimu anajifunika mdomo kwa daftari, na kweli wa utepe ameiweka chupa kwapani, anaikaba, anazungusha kwa mkono mwingine, tak tak tak tak, amesahau kubonyeza, wote husahau kubonyeza, ndiyo akili ya kifuniko hiki, kwamba ni viwili, kimoja kimevaa kingine, cha nje kinazunguka bure huku kinalia mpaka ukikandamize kikamate cha ndani, mkono wa mtoto haujui kufanya mambo mawili kwa pamoja, kusukuma chini na kuzungusha, na wala mkono wa mzee hauwezi, hilo nalo linajulikana, linajulikana sana, kanuni kwenye rasimu ya kwanza ilikuwa na pande mbili, watoto wasifungue na wazee wafungue, ilitakiwa waletwe wazee mia wakae kwenye viti vya kawaida wapewe chupa hizi hizi, lakini kikao kilikuwa kirefu na chakula kilikuwa kinapoa, na mkuu wa maabara akasema, "Wazee tuwaweke awamu ya pili, jamani. Wazee wana watoto wa kuwafungulia," watu wakacheka, na yeye akacheka, akanyoosha mkono pamoja na wengine, wote wanaokubali, mikono juu, uamuzi ukapita... wana watoto wa kuwafungulia. Ile chupa ya mama aliipeleka yeye, kwa mkono wake, sampuli iliyobaki, akamwambia mdogo wake vidonge vya mama vikae humu, nyumba ina mtoto, na mdogo wake akasema ndiyo, Dada, kwa Dada mambo ya chupa hayana mjadala, na Jumapili moja alipokwenda kumtembelea mama alimkuta amevimba miguu, uso umechoka, akamuuliza, mama, dawa unameza? Mama akawa anazungukazunguka na maneno kama mtoto aliyevunja sahani. Ijumaa mkwewe alikuwa na zamu mpaka jioni, Jumamosi wote walitoka, jirani wa kumfungulia amesafiri, na vidole vyake vile, vifundo vimejaa kila kiungo, mama aliyewalisha kwa cherehani miaka thelathini, aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano gizani, ameshindwa na kifuniko siku mbili, akakibwaga juu ya meza, akaenda kulala bila dawa. "Nifungulie, mwanangu," alimwambia, akamnyooshea chupa kwa mikono miwili, macho ameyainamisha kwa aibu, na hapo ndipo hasira ilipompanda Mpimaji, alikasirikia kifuniko, alikasirikia kikao, alijikasirikia mwenyewe, na anayejua siri ya kitu anajua pia jinsi ya kukiua, alikwenda garini akachukua tyubu ya gundi ile kali ya kushikia soli, tone moja kati ya vifuniko viwili, akabana kwa vidole mpaka akahesabu sitini, vikawa kimoja, kinafunguka kama cha chupa ya asali, na kwa nje, hapa ndipo kilipo kisa chote, kwa nje huoni tofauti, mwonekano ule ule, maandishi yale yale juu yake ya bonyeza na zungusha, kila mtu ndani ya nyumba ile akapita mbele ya kabati la mama akiamini kuna kufuli pale, na palikuwa na picha ya kufuli. Fundi mwingine yeyote wa kawaida angeng'oa kifuniko akakitupa, wangekiona hakipo, wangeipandisha chupa juu ya kabati. Ni yeye tu, na utaalamu wake, aliyeweza kutengeneza hatari yenye sura ya usalama.

Dakika mbili na sekunde arobaini, wa soksi moja amechoka kuuma, ameanza kuiviringisha chupa yake juu ya mkeka, kwake limekuwa gari, linapita chini ya meza, linapiga honi, sawa, kucheza kunaruhusiwa, mtoto haruhusiwi kulazimishwa, Mpimaji anaandika tu, wa pili ameacha, dk 2 sek 40, huku wa kwanza bado yumo, amepiga magoti, chupa ameisimamisha sakafuni, mikono yote miwili juu yake, ulimi nje, na hapo moyo unamruka Mpimaji, kwa sababu mkao ule ndio wenyewe, uzito wa mwili unakwenda chini, akizungusha sasa hivi... hazungushi. Amesimama. Ameinua chupa ameitia sikioni, anazungusha polepole, tak, tak, tak, kama mtu anayesikiliza saa ya ukutani. "Hiki kinalia," anasema, hamwambii mtu. Kisha anamwambia mwenzake chini ya meza, "Chako kinalia?" "Kinalia," anajibu wa soksi. "Changu kinasema hapana, hapana, hapana." Na mwalimu kule mlangoni anacheka kwa pua, na Mpimaji ameganda, kalamu imegota kwenye karatasi inaacha doa la wino linalokua, kwa sababu amesikia sauti nyingine, ya mtu mzima, iko nyuma ya ile ya mtoto, imekuwepo wiki tano zote na hakuwahi kuisikia... "Mbona hakilii?" Mama alisema hivyo. Jumapili ile, mezani, alipokabidhiwa chupa, alizungusha mara moja kikafunguka, akafunga, akafungua tena, akakisogeza sikioni kama mtoto huyu, "Mbona hakilii? Kilikuwa kinalia hiki." Naye Mpimaji akacheka, "Nimekinyamazisha, mama. Kilikuwa na kelele sana," na mama akacheka mpaka akajishika kifua, "Wewe! Na kazi yako hiyo, wakijua?" "Atawaambia nani?" "Simwambii mtu mimi," akasema mama, akameza dawa yake kwa maji ya kwenye kikombe cha bluu, akamwekea mwanawe mkono kichwani... Simwambii mtu mimi. Kwa hiyo alijua. Mama alijua. Pale kwenye benchi, mdogo wake alipouliza, Mpimaji aliposema hawezi, mama alikuwa anajua kama anavyojua jina lake kwamba kifuniko kile hakikuwa kufuli, alijua nani alikinyamazisha na alimsikia huyo huyo akisema hawezi, na akamtazama, na Mpimaji wiki tano zote amekuwa akijiambia yale yalikuwa macho ya mzee aliyechanganyikiwa, anayetafuta alichosahau, na kumbe mama hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anangoja. Alimpa binti yake kitambo aseme mwenyewe, na kitambo kilipopita na binti hakusema, akalichukua kosa yeye. Huenda nilisahau, wanangu. Mama anayekumbuka kila mmoja wao aling'oka jino la kwanza siku gani na akalia au hakulia, mama anayekumbuka vipimo vya gauni la mteja aliyehama miaka ishirini iliyopita, mama huyo akavaa usahaulifu kama nguo ya kuazima, na tangu siku ile ndiyo anayovalishwa, dawa zake ziko juu ya kabati la mkwewe, aombe kwanza ndipo apewe, jiko haruhusiwi kuliwasha, Chiriku akikimbilia chumbani kwake anarudishwa kutoka mlangoni, anaambiwa bibi anaumwa kichwa, na Jumapili iliyopita Mpimaji alimkuta amekaa kitandani anakunja soksi za mtoto, anazikunja na kuzikunjua, na alipomuuliza, mama, vipi, alisema tu, "Nazoea." Anazoea! Machozi yamemfika Mpimaji hapa kwenye kiti cha plastiki, anayaona yamefika, picha ya tembo wa miguu mitano aliyebandikwa ukutani imeanza kuyeyuka, na mwalimu amekunja uso, "Dada, uko sawa?" na yeye ameinamisha kichwa kwenye fomu kama anayesoma.

Dakika tatu na sekunde hamsini na moja. Sasa afanye nini, ampigie mama kwanza? Hapana. Mama atakataa. Anamjua, atasema hapana mwanangu, wewe huna kosa, mimi ndiye niliyeacha wazi, nakumbuka kabisa, na atalishikilia hilo mpaka ndani ya basi, atawapungia mkono dirishani akiwa bado amelishikilia, na mdogo wake atamwamini nani, mama anayekiri au dada anayemtetea mama kwa huruma, atasema Dada unajibebesha tu, acha, inatosha. Neno tupu halitashinda neno la mama. Mkono wake wa kushoto, saa bado imo, unaingia mfukoni mwa koti na vidole viwili vinakipata, kiko pale, kidogo, cheupe, cha mviringo, wiki tano alikuwa anakichukia kwamba hakitupiki, na leo anaona baridi inampita kwa kufikiria kama kingetupika, maana ndicho pekee duniani kinachoweza kubishana na mama. Hampigii mama. Anakwenda kwa mdogo wake, leo, kazini kwake, mbele ya wenzake kama itabidi, na anakwenda na vifuniko viwili, hiki na kimoja kizima, atakizungusha kizima sikioni mwake, tak tak tak, halafu atazungusha hiki, na mdogo wake atasikia kwamba hasikii kitu, na hapo hakuna atakachohitaji kueleza zaidi ya neno mimi. Atamchukia. Huenda asimwite tena Dada kwa mwaka, wifi yake huenda asimfungulie mlango, ana haki, ni mwanawe aliyelala siku tatu na waya kifuani, na kazini, kazini watasema nini, aliyeisukuma kanuni ndiye aliyeivunja nyumbani kwa mama yake, mkuu wa maabara atashika kichwa, siyo sasa, atasema, tumebakiza siku nne kamati ikae, lakini ni sasa, ni sasa hasa, maana nyumba ngapi zitafanya alichofanya yeye, binti gani atakayemwona mama yake ameshindwa na kifuniko siku mbili akaacha kukiharibu, watavunja, watakata kwa kisu, watavimwaga vidonge kwenye kikombe, na kamati itakuwa imepitisha kufuli ambalo kila mwenye mzee ndani atalazimika kulivunja. Kalamu imeshuka yenyewe kwenye fomu, chini, kwenye nafasi ya maoni ya mpimaji ambayo siku zote huiandikia hakuna, na kweli leo asubuhi alishaandika hakuna, mapema, kwa mazoea, kabla hata watoto hawajaingia. Anapiga mstari juu ya neno hilo, mmoja, linasomeka. Anatia sahihi pembeni. Halafu anaandika, kwa wino, mwandiko unapinda, kifuniko cha aina hii nilikitia gundi mwenyewe kwa sababu mama yangu hakuweza kukifungua, mtoto wa ndugu yangu akakifungua, nikasema haiwezekani. Wazee wapimwe kabla ya kanuni kupita. Anasoma. Hakuna kufuta. Kivuli kimeangukia karatasi, ni wa utepe, amesimama mbele yake karibu kabisa, jasho limembandika nywele za paji la uso, amemnyooshea chupa kwa mikono miwili, kifuniko kiko palepale kilipokuwa. "Nifungulie," anasema. Na mpimaji haruhusiwi kujibu, hatabasamu wala hatikisi kichwa, lakini uso wa ukuta umekwisha, mtoto anamtazama machozi yanavyoteremka hadi kidevuni na haogopi, anangoja tu, kisha anaona hapewi jibu, anashusha chupa, anakaa hapo hapo miguuni pake, anaendelea kuzungusha, tak, tak, tak, na Mpimaji anaitazama saa, dakika nne na sekunde kumi na mbili, sekunde arobaini na nane zimebaki, na zile dakika alizokuwa akiziomba ziwe ndefu sasa anaziona zinajivuta, zinamchelewesha, mwalimu anauliza mlangoni vipi, bado? na yeye anasema bado, ameshika mkoba, simu iko juu kabisa, na Jumamosi haijafika.